Ramani Iliyopata Sifuri

Juzi mjukuu wangu aliniletea ramani aliyochora shuleni, ya njia ya kutoka nyumbani hadi darasani. Nilimsifu, lakini kwanza niliikagua.

Nilipokuwa darasa la nne hapa Garissa, wakati wa vita, mwalimu wetu kutoka bara alituambia tuchore njia hiyo hiyo. Mimi nilichora kila kitu: kisima, migunga, hata kichaka ambamo baba aliwaficha ngamia wetu ili wanajeshi wasiwachukue. Mara lori likanguruma nje, harufu ya dizeli ikaingia madirishani, na mabuti yakakaribia. Mwalimu alitazama daftari langu, akachana ukurasa ule na kuutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kufutia ubao.

"Huyo amefanya nini?" mwanajeshi aliuliza akiwa mlangoni.

"Hajui kuchora, afande. Nimempa sifuri."

Mkono wa mwalimu ulibaki ndani ya maji, ukiukandamiza ukurasa. Nilidhani ni hasira.

Nililia hadi nyumbani. Baba alinisikiliza, kisha akamwambia mama, "Kesho mwalimu apelekewe mbuzi wa maziwa."

Nilimnunia baba wiki nzima. Mimi nimepewa sifuri, mwalimu anapewa mbuzi.