Moshi Mbele ya Buldoza

Haya, kwa kuwa mmeniuliza kwa nini watu wa Kicukiro, mtaa wa Kigali, waliniita Bwana Bomu, nitawaambia mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watatia chumvi, na mkasa wenyewe hauhitaji chumvi. Aibu ni yangu, nimeshaizoea.

Ilikuwa Kigali, mwaka tisini na mbili, vita viko huko kaskazini lakini hofu ilishafika mjini kitambo, kila mtu anazungumza habari za mabomu yaliyofukiwa barabarani, na mimi, mtu wa Kolwezi kule Kongo, niliyekulia kwenye machimbo ya shaba, nilikuwa nimeajiriwa kusawazisha kipande cha mlima juu ya barabara inayoelekea kiwanda cha Sonatubes, ili pajengwe ghala. Nilipewa buldoza kubwa la minyororo, na maringo yangu yalikuwa makubwa kulishinda.

Maana kusukuma udongo kuna akili, jamani. Dereva asiyejua anazungukazunguka, udongo unamwagikia pembeni, anafika mwisho na kiganja kimoja. Mimi nilikuwa napita njia ileile mpaka inakuwa mfereji, kingo zake zinaushika udongo usimwagike, tena nasukuma kuelekea bondeni ili mteremko unisaidie, na lile jembe la mbele linafika limejaa pomoni. Ndiyo maana siku hiyo, nilipofika kwenye vigingi vya mwisho wa kiwanja na kuona mteremko mzuri umebaki ng'ambo yake, nikajiambia nipitilize kidogo tu, mfereji uwe mrefu, kazi iishe mapema. Innocent, shefu wetu wa kazi, alikuwa amesema waziwazi nisivuke vile vigingi, kwa sababu upande ule ni shamba la migomba la Muzehe Gaspard (mzee mpole, kila asubuhi ananisalimia kwa kuvua kofia). Nikavuka.

Hapo ndipo nikaona moshi. Ulikuwa unatoka ardhini, kwenye kitundu, juu ya tuta la udongo mbichi uliofukiwa vizuri, hakuna jiko, hakuna mtu. Sasa nyinyi mliokulia kwenye migomba mnajua ni nini, lakini mimi nilikulia kwenye baruti, na kwetu machimboni tundu linalofuka moshi lina maana moja tu, kwamba utambi bado unaungua chini na wewe umesimama juu yake. Niliruka chini (kiatu kimoja kikabaki kimenaswa kwenye mnyororo), nikaliacha buldoza linaunguruma peke yake, nikashuka mlima mbio nikipiga kelele, "Bomu! Bomu! Kimbieni!"

Walikimbia kweli. Wauza parachichi waliacha vikapu, mwendesha baiskeli aliacha baiskeli, mimi nikajitupa kwenye mtaro wa barabarani na mama mmoja mnene akaniangukia mgongoni, tukalala hapo tunasali kila mtu kwa lugha yake. Bomu halikulia. Badala yake wakaja wanajeshi wa kizuizi cha barabarani.

"Nani alisema bomu?" akauliza koplo wao.

Vidole vyote vikanielekea, hata cha yule mama wa mgongoni.

"Na ile shamba iko ya nani?"

"Ya Muzehe Gaspard," nikajibu upesi, kama mwanafunzi anayetafuta sifa kwa mwalimu. Laiti ningeuma ulimi.

Gaspard alikuja mwenyewe, mikono ina udongo, kofia amekwisha kuivua. "Afande, hapana bomu. Iko urwina tu. Naivisha bitoke ya pombe, binti yangu Vestine anaolewa." Urwina ni shimo, wanafukia ndizi humo na kuzipasha moto na moshi ziive kwa ajili ya pombe, nami nilikuwa sijawahi kuliona maishani mwangu. "Niache nifukue na jembe, utaona."

Koplo akamwomba kitambulisho. Akakisoma, akakisoma tena, na sauti yake ikabadilika. Siku zile neno moja kwenye kitambulisho, lile la kabila, lilitosha mtu kuitwa icyitso, yaani kibaraka wa adui, na walioitwa hivyo si wote waliorudi nyumbani. Wakampigisha magoti, mikono kichwani, bunduki kisogoni. Jembe wakamkatalia, wakisema huenda akalilipua bomu makusudi. Kisha koplo akanigeukia mimi.

"Weye njo umeiona, weye njo utaifungua. Panda mashini."

"Na kama ni bomu, afande?"

"Kama ni bomu, tutajua."

Nilipanda na kiatu kimoja. Niseme kweli, nilikuwa bado nauamini moshi kuliko yule mzee, na nilijua likilipuka nakufa mimi, na nikikataa anakufa yeye. Gaspard akainua uso kutoka pale chini. "Kolwezi," aliniita, "enda polepole. Ni bitoke."

Nikakwangua udongo kidogo kidogo, tabaka jembamba kama la kumenya kiazi, mlima mzima unatazama, jasho linaniingia machoni, na suruali (chekeni tu) ilikuwa imelowa, wala si kwa jasho. Tabaka la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu, majani ya mgomba yaliyokauka, na chini yake mikungu imelala kimya, ikatoka harufu tamu ya ndizi zinazoanza kuiva.

Kicheko kilichoangushwa hapo! Koplo alimenya moja, akatema, bado ilikuwa na ukakasi. "Bwana Bomu," akasema, "suruali yako njo imelipuka." Wakamrudishia mzee kitambulisho, wakaondoka wanashikana mabega.

Gaspard hakucheka. Alibaki amepiga magoti muda mrefu baada ya bunduki kuondoka, mpaka mkewe akaja kumwinua. Nikaenda kumwomba radhi, nikamwambia nimemharibia pombe ya Vestine, nitamtafutia ndizi nyingine hata kwa mshahara wangu wote.

"Bitoke itaota ingine," akasema, akiipangusa kofia yake taratibu. "Lakini sasa wale watu wanajua nyumba yangu."

Harusi ilifanyika, nikaalikwa, nikakaribishwa vizuri hata nikaona haya kula. Mwaka uliofuata kazi ikaisha nikarudi Kolwezi, kabla ya yale mauaji yaliyokuja mwaka tisini na nne. Nimekutana na watu wengi wa Kigali tangu wakati huo, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza habari za Gaspard, maana naogopa jibu. Ila nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: nikiona kitu nisichokijua kwenye shamba la mtu, nitazima mashini, nitashuka, nitabisha hodi kwake kwanza. Hata kama kinafuka moshi.