Ng'ombe wa Shangazi kwenye Simu Zote

Nilihamia Nyamongo kumfuata mume wangu, aliyekuwa akichimba dhahabu na wenzake kwenye mashimo madogo. Kila aliyeshuka kwenye bodaboda alikuja kwa ajili ya dhahabu. Mimi nilikuja na kompyuta yangu, na nilikuwa na raha zangu.

Mume akiwa shimoni, nilitengeneza programu ya kutafuta mifugo iliyopotea: unaweka picha, aliyemwona anajibu. Ugumu ulikuwa vifaa. Wengi walikuwa na Android, wachache aifoni, na vijijini wengine walitegemea kompyuta ya shule. Kuandika kitu kimoja mara tatu sikuweza. Nikapakua zana huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzichungulia ndani, nikaandika msimbo mmoja uliotoa programu ya kila kifaa. Mwanzoni picha zilitokea zimelala ubavu. Nikarekebisha mstari mmoja, zikasimama kote. Nilicheka peke yangu chumbani.

Kisha shangazi yangu wa Mbalibali akapiga simu analia. Mtamba wake mwenye mimba alikuwa amepotea, na majirani walikuwa wamezunguka pori hadi wakachoka. Nilikuwa na picha yake, baka jeupe pajini. Nikaiweka.

Jibu lilitoka Issenye, kwa mwalimu aliyeiona kwenye kompyuta ya shule: "Yuko kwa jirani yangu. Na hayuko peke yake." Alikuwa amezaa.

Waliporudishwa nyumbani, nikaenda Mbalibali kumwona ndama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hicho kilichomwona ng'ombe wangu." Akaisoma simu taratibu, midomo ikicheza. "Mbona kinasema Kiswahili tu? Sisi tukipotelewa, tunalia kwa Kiswahili?"

Tukakaa uani, yeye akitamka maneno ya kikwetu, mimi nikiandika. Tulipofika kwenye "amepotea" akanisimamisha. Kwetu ng'ombe aliyejiendea ana neno lake, na aliyeswagwa na wezi ana lake. Mimi nilikuwa nimeweka kitufe kimoja! Nikaweka viwili, nikaituma programu mpya kwa wote.

Jioni mume wangu akapiga, wenzake wakicheka nyuma yake. "Simu yangu imeanza kuongea kama shangazi yako!"

Shangazi akaninyang'anya simu. "Na wewe," akamwambia, "lini unakuja kunywa maziwa?"