Kikombe cha Mzee Taratibu

Hebu mtazame anavyoingia. Mlango wa mahakama ya makosa ya barabarani ni mzito, wenzake wote wanausukuma kwa bega na kupita. Yeye anausukuma kwa viganja viwili, anaushikilia usije ukagonga ukuta, anampisha bintiye, kisha anaurudisha polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Viatu ni vile vile alivyovaa msibani, hana vingine vya heshima. Bahasha ya kaki ameibana kifuani.

Huyo ndiye Mzee Taratibu. Jina la kwenye leseni analijua yeye na askari. Watu wamemwita hivyo tangu alipoanza kuendesha pikapu ya mayai, na sasa ni mwaka wa ishirini na sita.

Nikueleze kidogo hiyo kazi, maana ndiyo iliyomfikisha hapa. Kila alfajiri hupakia trei za mayai kwenye mabanda ya kuku ya tajiri wake, hupitia nyumbani kwake, kisha huzisambaza madukani. Mshale wa mwendo kwenye pikapu ile ulikufa zamani, umelala kwenye sifuri na fundi amechoka kuuamsha. Mzee hakujali. Juu ya dashibodi aliweka kikombe cha bati chenye maji, yamebakiza kidogo tu kufika ukingoni. Maji yakianza kucheza, anapunguza mwendo. Yakimwagika, anajua huko nyuma kuna yai limekwenda na maji.

Aliyekuwa akikijaza kikombe hicho ni mkewe. Kila alfajiri alikuja nacho kutoka jikoni, hatua kwa hatua, akamkabidhi dirishani: "Haya, bwana harusi, usinimwagie." Miaka yote hiyo, utani ule ule, na bado walicheka.

Mkewe alizikwa miezi mitatu iliyopita.

Asubuhi hiyo pikapu ilikuwa imeshapakiwa na kikombe kimeshajazwa, tumbo likamkata mama wa watu akaanguka pale pale mlangoni. Mzee akambeba, akamlaza kwenye kiti cha mbele, wakaondoka na mayai nyuma. Hospitali, daktari alitoka mara moja tu. "Mngewahi kidogo," alisema, akatazama chini.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amefika mbio, chaki bado vidoleni. Alimgeukia baba yake mbele za watu.

"Ulimbeba mama yangu kama trei ya mayai!"

Wakazika hawasemezani. Alimpa baba yake sahani ya chakula huku akitazama pembeni, kama anayempa mpita njia.

Wiki mbili baadaye ikaja karatasi ya faini. Kamera ya barabarani ilikuwa imeipiga picha pikapu asubuhi ile: kilomita tisini na nne kwa saa, mahali pa sitini. Binti ndiye aliyeipokea. Aliisoma amesimama, akairudia amepiga magoti.

"Tisini na nne! Baba, kumbe ulikimbia! Nisamehe, baba yangu. Nisamehe."

Mzee alimwekea mkono kichwani. Tangu siku hiyo binti akarudi kuwa binti: kila Jumamosi anakuja, anafua, anamkaripia kwa kutokula. Na karatasi ile Mzee aliikunja vizuri akaiweka chini ya mto.

Sasa nikuambie alichokificha. Alipotoka hospitali siku ile, akiwa mgane, aliingia kwenye pikapu akakikuta kikombe. Maji yalikuwa yamejaa kama yalivyotoka jikoni. Jambo la pili ni la njiani. Kwenye matuta, mkewe alimshika mkono wa shati akasema, "Taratibu, bwana harusi. Matuta yananiua." Na mguu wake ukatii.

Basi alikuwa na mashahidi wawili, kikombe na karatasi. Akachagua kuamini karatasi. Ilikuwa na mhuri wa serikali. Kikombe ni bati tu.

Tatizo ni kwamba tajiri naye aliisikia habari. "Leseni ikiharibika, mzee wangu, mayai yangu hubebi tena," alisema. Binti akasema haiwezekani. Akaandika barua ya utetezi kwa mwandiko wa ubaoni, akaambatanisha vyeti vya hospitali. Wangekiri mwendo, kisha waombe msamaha kwa sababu ya mgonjwa. Ndivyo walivyofika.

Kwenye benchi la kusubiri binti anamfanyisha mazoezi.

"Hakimu akikuuliza?"

"Nakiri kosa, Mheshimiwa."

"Halafu?"

"Nilikuwa namkimbiza mke wangu hospitali."

"Sauti, baba. Asikie hata wa dawati la mwisho."

Dereva wa teksi aliyekaa nao anacheka. "Mzee, umeshtakiwa nini?"

"Mwendo kasi."

"Wewe? Acha utani! Nimekuona unakaa kwenye benchi hili, umetumia dakika nzima."

Mzee anatabasamu kidogo. Anaitwa.

Anapanda kizimbani, anafungua mdomo akiri. Lakini mwendesha mashtaka anamuwahi.

"Mheshimiwa, tunaondoa shtaka. Kamera ile iligundulika mbovu wiki nzima hiyo. Ilikuwa inaandika mwendo mara mbili ya ule halisi. Hata muuza maziwa wa baiskeli alipelekewa faini."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Hakimu naye, mwanamke wa makamo mwenye miwani, anacheka huku akipiga hesabu pembeni ya faili.

"Nusu ya tisini na nne, arobaini na saba. Hongera, mzee. Madereva wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekaa nyumbani nikalima mchicha. Shtaka limefutwa. Nenda zako kwa amani."

Mzee haondoki.

"Mheshimiwa, naomba kukiri."

"Kukiri nini?"

"Kosa. Nilikimbia. Tisini na nne."

"Mzee, hujanisikia? Hukukimbia."

"Nilikuwa na mgonjwa, Mheshimiwa. Mtu mwenye mgonjwa anakimbia." Anaitoa karatasi ya faini kwenye bahasha. "Niandikieni tu. Leseni chukueni. Hiyo tisini na nne niachieni."

Vicheko vinakufa kimoja kimoja. Hakimu anavua miwani, anaifuta, anavifungua vile vyeti vya hospitali kwa mara ya kwanza. Anasoma kwa muda mrefu.

"Baba yangu," anasema kwa upole, "mahakama haiwezi kumpa mtu kosa ambalo hakulifanya."

Karani ananyoosha mkono kupokea karatasi ili aigonge mhuri wa kufuta. Mzee ameishikilia. Inabidi karani aivute, taratibu, isichanike.

Nje, pikapu imeegeshwa kando ya ukuta. Binti ameibeba ile karatasi, mhuri mwekundu haujakauka. Wanaingia, kila mmoja anafunga mlango wake. Kwenye dashibodi kipo kikombe. Siku hizi Mzee anakijaza mwenyewe. Binti anakitazama mpaka Mzee anatamani angekifunika.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku ile kikombe kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Kina maji?"

"Kina maji."

Binti hamkaripii, hapazi sauti. Anauliza kama mtoto anayeogopa kujua amepata ngapi kwenye mtihani.

"Yalimwagika?"

Mzee ameshika ufunguo, hajauingiza. Shahidi wake mmoja amefutwa leo mbele za watu, na huyu wa bati hajui kusema uongo. Anaweza kumwambia, ni mama yako aliyesema taratibu. Ni kweli, na pengine mzigo wake ungepungua. Lakini mkewe hayupo kulijibu hilo, na binti angetembea nalo maisha yake yote. Anaweza pia kusema yalimwagika yote, mwanangu, mpaka miguu ya mama yako ililoa. Ni maneno machache tu, na Jumamosi angemwona tena.

Mkono wa binti umelala juu ya goti lake, unasubiri. Ndugu yangu, ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungemjibu nini?