Kikao Kilichoondoa Miguu ya Bwana

Kuna watu wakikusalimia wanakutazama usoni, halafu kuna Fundi Soli. Huyu ukimwamkia anaitikia marahaba huku macho yameganda kwenye viatu vyako, na kabla hujamuuliza za nyumbani ameshajua kwamba unakwepa kukanyagia kidole gumba na kwamba viatu vyenyewe umeazima kwa shemeji yako. Sura za watu hazijui kabisa. Jirani yake wa miaka kumi aliwahi kupita na viatu vipya, Fundi akamkaribisha mtaani kama mgeni, akamwelekeza na kisima kilipo.

Kibanda chake kiko ubavuni mwa duka la dawa, ukubwa wake kama kabati la nguo. Amekaa humo miaka thelathini na miwili, na nikisema amekaa, amekaa kweli. Kigoda kimeshachukua umbo lake. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Mtoto akalelewa humohumo, katikati ya viatu vibovu vya watu, akasoma mpaka akawa muuguzi, na sasa kapata mchumba, tena mchumba mwenye adabu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Fomu ya kanisa ilikuwa imebakiza sahihi moja tu, ya Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kwa kuwa Mchungaji alikuwa safarini na madaraka yote kamwachia yeye.

Sasa wiki hiyohiyo ndiyo Fundi akaona ni wiki ya kufungua mdomo.

Ilikuwa kwenye mafundisho ya Jumatano. Mwalimu wa Kwaya, mama mwembamba mwenye sauti ya kukata kioo, alikuwa anaeleza jinsi Mungu alivyozaliwa na mwanamke, akawa mtu kabisa, akaishi na watu. Wote wakatikisa kichwa, amina, amina. Fundi naye akatikisa, kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Soli zake ziliisha upande gani?"

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Fundi akaendelea, kwa furaha kabisa, kwamba seremala husimama siku nzima akisukuma randa, uzito wote mguu mmoja, na baadaye huyu alitembea miji kwa miji kwa miaka mitatu, kwa hiyo hakuna ubishi, Bwana alikuwa na sugu. Alisema hivyo kwa mapenzi yote aliyonayo. Ndiyo namna yake ya kumpenda mtu, kujua panapomuuma.

Basi! Alhamisi watu wakasema Fundi kamtukana Mungu. Siku ya pili yake chumvi ilishaongezwa, ikawa kasema Mungu ana fangasi. Akaitwa kikaoni mchana uleule, afute kauli yake, la sivyo fomu haitiwi sahihi.

Binti alimpigia pasi shati akiwa na machozi machoni. "Baba, nakuomba. Chochote watakachosema, we' itikia tu. Siku hii moja."

"Nitaitikia, mwanangu. Hata wakisema mimi ni ng'ombe, nitaitikia."

Kikao kilikuwa cha watu watatu nyuma ya meza moja. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, katikati. Mwalimu wa Kwaya kulia kwake, kanuna. Kushoto Mama Katibu, mwanamke mwenye kuandika kila linalosemwa. Ukipiga mwayo mbele yake, umeingia kwenye kumbukumbu.

"Fundi," Mwenyekiti akaanza, "ulisema Bwana alikuwa na sugu?"

"Nilisema."

"Unafuta?"

"Nafuta."

Mama Katibu akaandika: moja, hakuwa na sugu. Mambo yangeisha hapo na watu wangerudi makwao, lakini Mwalimu wa Kwaya alikuwa hajaridhika.

"Na habari ya kunuka miguu?"

"Sikusema kunuka, Mwalimu."

"Ulikuwa unaelekea huko!"

"Basi haikunuka."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu... hakutoka jasho?"

"Mbili," akasema Mama Katibu, kalamu inakimbia.

Hapo Mwenyekiti naye akanogewa. Alijiweka sawa kitini akasema madhali tumekaa, tumalize yote tusije tukaitana tena. Chafya zikaondolewa. Tumbo kunguruma kukaondolewa bila mjadala. Kila jambo Fundi akaulizwa, na kila jambo akaitikia ndiyo, ndiyo, kijasho chembamba kikimtoka, akiiona Jumamosi inakaribia hatua kwa hatua. Walipofika kwenye vumbi, Mwalimu wa Kwaya akatamka kwamba vumbi lilikuwa linampisha.

Mama Katibu akainua kalamu. "Kama vumbi halikumgusa, alikuwa anakanyaga wapi?"

"Juu kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Naandika."

"Shubiri moja," akasema Mwalimu wa Kwaya.

"Nusu," Mwenyekiti akakata. "Shubiri nzima watu wangeshtuka."

Wakavutana hapo robo saa, nusu shubiri au shubiri nzima, mpaka Mwalimu wa Kwaya akapata jawabu. Mtu asiyekanyaga chini, miguu ya nini? Wakatazamana. Kweli, miguu ya nini? Wakafurahi jamani, kama watu waliopata ufunguo uliopotea. Mama Katibu akaandika: sita, miguu haikuhitajika.

"Tia sahihi hapa," Mwenyekiti akasema kwa upole, akasogeza kumbukumbu za kikao mbele ya Fundi. Kando yake akaiweka ile fomu ya harusi. "Nami nitatia hapa. Tumemaliza."

Fundi akashika kalamu. Alimuona binti yake na shela, akaiona na Jumamosi yenyewe, ilibaki jina lake tu. Akaandika herufi ya kwanza. Akaishia hapo.

"Mwenyekiti, niwie radhi. Mimi kazi yangu kupigilia misumari, basi hili linanisumbua kama fundi tu. Ile misumari waliyompigilia," akasema, "ile ya chini. Iliingia wapi?"

Mwalimu wa Kwaya akamgeukia Mwenyekiti, ajibu yeye.

"Na mama yake pale chini ya msalaba, macho yake yalikuwa usawa wa nini? Binti yangu nilimkata kucha za miguu mwenyewe mpaka alipojua kushika mkasi. Naijua miguu yake kuliko ninavyoijua sura yake. Mama yule alikuwa amesimama usawa wa miguu, Mwenyekiti. Tukiiondoa, analilia nini?"

Akalaza kalamu chini. Akasogeza karatasi zote mbili upande wao, ya kikao na ya harusi, akaanza kulia waziwazi, mtu mzima na shati lake la pasi. "Mwambieni binti yangu nilijaribu," akasema. "Siwezi. Huyo mliyebaki naye hapo simjui."

Mwalimu wa Kwaya alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaivuta fomu ya harusi, akatia sahihi, akaikunja vizuri na kuiweka mkononi mwa Fundi bila kumtazama.

"Mama Katibu."

"Naam, Mwenyekiti."

"Rudisha miguu."

Mama Katibu akarudi nyuma ukurasa mzima, akakata mistari mmoja baada ya mwingine, akibonyeza mpaka karatasi ikachanika. Alipofika mwisho akauliza:

"Yote miwili?"

"Yote miwili," akasema Mwenyekiti.