Fataki Zilizosomwa kwa Kidole

Shangazi yangu, dada yake baba, kazini kwao wanamwita Bi Kioo, na hajaonewa. Akija kwako akakuta sufuria lina doa, salamu inasubiri, anaingia jikoni kwanza. Kwake ukishika kijiko unajiona na chunusi zako zote, hamu ya kula inaisha. Ana miaka kumi na tisa akifanya usafi kwenye jumba la makumbusho la hapa mjini, na miaka yote hiyo swali kubwa aliloulizwa ni "ndoo umeiweka wapi?"

Hii habari mimi sikuwepo. Lakini amenisimulia mara tano, na mara zote tano haijabadilika, na huyu ni mtu anayeongeza chumvi hata kwenye "hujambo".

Mafundi walikuwa wanachimba mtaro nyuma ya stoo ya makumbusho, sururu ikagonga sanduku la bati. Ndani kulikuwa na fataki kumi na moja za shaba, kila moja urefu wa kidole cha kati, nene kama shingo ya chupa. Zilikuwa fataki za ishara za jeshi la Wajerumani, za vita vya zamani. Askari anapachika moja kwenye bastola yenye mdomo mpana, anafyatua juu, anga linawaka nyekundu, kijani au nyeupe, na wenzake kule mbali wanajua la kufanya. Hiyo ndiyo ilikuwa meseji yao. Sisi mtandao ukikata dakika mbili tunataka kuandamana.

Wanajeshi wa siku hizi wakaja, wakatoa baruti yote, wakaacha maganda matupu na karatasi ya kuthibitisha kwamba hayana madhara. Mkuu wa jumba akapanga kuyaonyesha Jumamosi. Akamwalika mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyetegua mabomu maisha yake yote, aje Alhamisi atambue ipi ilikuwa ya rangi gani. Jumatano jioni akamwambia Shangazi, "Bi Kioo, pale stoo pasafishwe vizuri. Kesho kuna mgeni."

Ndiyo hivyo. Kwa Shangazi, "pale stoo" ni pamoja na kila kilichomo. Akatoa majivu, limau na kipande cha fulana kuukuu. Mpaka anaondoka, fataki kumi zilikuwa zinameremeta kama jino la dhahabu la bwana harusi. Ya kumi na moja limau lilikwisha, akaiacha na weusi wake.

Alhamisi asubuhi mzee wa mabomu akaingia na kitabu chake na lenzi. Akainama mezani. Akageuza moja, akageuza nyingine.

"Nani kasafisha hizi?"

"Mimi, mzee," Shangazi akasema, anangoja sifa.

"Mama, hapa kwenye kitako palikuwa na rangi. Na maandishi. Ndivyo tunavyozijua. Sasa zote pacha."

Mkuu akashika kichwa. "Bi Kioo, umefuta historia kwa limau."

"Si ulisema pasafishwe?"

"Pasafishwe. Sikusema zisafishwe."

"Mkuu, mimi nimeajiriwa kudeki, sio kufundisha sarufi."

Mkuu hakucheka. Akasema fataki zisipotambuliwa kabla ya Jumamosi, atamwandikia barua, na Jumatatu asijisumbue kuja. Ile kazi ndiyo kodi ya nyumba ya Shangazi na ndiyo ada ya binti yake. Akageuza ndoo akaikalia. Akaziangalia zile fataki zilivyojipanga, zimetakata kama hazijui zilichomfanyia.

Halafu akasema, "Lakini sio pacha."

"Nini sio pacha?" mzee akauliza.

"Hizo. Kitambaa changu kinajua. Hii ya mwanzo kilikwama kila mahali, mpaka kikachanika. Hii kilikwama nusu. Ile kiliteleza tu."

Mzee akamtazama kama mtu aliyesikia ufagio ukiongea. Akachukua ya kwanza, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kitako. Krrr. Meno madogo madogo kama ya ukingo wa sarafu, yamezunguka kote. Ya pili, meno nusu duara, nusu laini. Ya tatu, laini mzunguko mzima.

Akafungua kitabu haraka haraka mpaka akafika ukurasa wenye miduara mitatu: mmoja umechorwa vimistari pande zote, mmoja nusu, mmoja hauna kitu, na chini ya kila mmoja jina la rangi.

"Miaka thelathini nauona mchoro huu," akasema taratibu. "Nilidhani mchapaji aliishiwa wino." Akaketi. "Mama, huyu askari yuko handakini, giza totoro. Akiwasha kiberiti anapigwa risasi. Rangi haioni, maandishi hayasomi. Basi kule kiwandani wakamchongea meno, asome kwa kidole. Kote, nyekundu. Nusu, kijani. Laini, nyeupe."

Shangazi akainuka, akaishika ile ya kumi na moja, nyeusi tii. Akafumba macho.

"Kote," akasema.

Mzee akalowesha pamba, akapangusa kitako pole pole. Chini ya weusi ukatokea wekundu, mbichi kama umepakwa jana.

Mkuu mwenyewe akaenda akafunga mlango, akazima taa. Stoo ile haina dirisha. Wakasikia vidole vya Shangazi tu, na shaba ikigusa meza. "Nyekundu. Nyeupe. Nyeupe. Kijani." Mpaka zikaisha. Taa ilipowaka kulikuwa na safu tatu, na mzee akapita na lenzi moja moja. Hakutoa hata moja kwenye safu yake.

Nikamuuliza Shangazi, pale gizani uliwaza nini, barua? Akasema hapana. "Nilimuwaza yule kijana. Vidole vina baridi, wenzake wanamwambia fanya haraka. Akikosea, watu wanakufa. Na kidole chake kilipita palepale kinapopita changu."

Kwa kawaida hapo ningetia utani. Sikuwa nao.

Barua ilikuja kweli, Ijumaa. Ilisema kuanzia Jumamosi Bi Kioo atasimama kwenye meza ya fataki, ndoo apewe mtu mwingine. Nikaenda. Wameweka boksi lenye pazia, unaingiza mkono bila kuona. Shangazi kasimama pembeni, kanyoosha mgongo. Nikapapasa. Meno, meno, meno, halafu ghafla laini.

"Nusu," nikasema. "Kijani."

"Umepona," akasema Shangazi. "Haya toa mkono, hujanawa wewe."