Mtu wa Kushoto Kwangu

Siku ya kwanza ya ajira yangu ya kucheza magongo ya barafuni hapa Guangzhou, nilifika uwanjani nimevaa sweta tatu, kama nilivyozoea nikifanya kibarua pale pale, na koti la kuazima ambalo lingemtosha ng'ombe. Nje kulikuwa na jua la kukaangia maandazi. Kocha Mkuu, mzee wa kaskazini mwenye sauti iliyosikika mpaka Hong Kong, alinitazama akasema, "Lao Ha, vua hayo yote. Kwenye kazi hii mtu hafi kwa baridi, anakufa kwa jasho."

Lao Ha ndiyo mimi, Hamisi wa Morogoro. Jina langu walilikata wakabakiza mwanzo, na "Lao" ni mzee, ingawa ndevu sikuwa nazo hata moja.

China nilikuja kubeba mabalo ya nguo, kutoka masoko ya Shahe mpaka kwa mawakala wa mizigo Xiaobei. Jioni nilisoma Kichina kwenye shule ya watu wazima, nikahitimu, na cheti nimekitia fremu kubwa kuliko picha ya harusi yangu. Mwalimu wangu ndiye aliyeniambia kuna uwanja wa barafu ndani ya jengo la maduka, wanatafuta mtu wa nguvu wa kuhamisha mbao za pembeni. Nikiwa huko nikajifunza kuteleza. Nilianguka mpaka barafu ikanijua kwa jina. Tajiri mwenye uwanja, laoban kama tunavyowaita hapa, alipoanzisha timu ya kulipwa, alinitazama upana wangu akasema, "Washambuliaji nitanunua. Kabati ninalo tayari." Nikawa beki.

Ninyi vijana mnaotazama mpira wa miguu tu, ngoja niwaeleze. Beki wa barafuni hutembea kinyumenyume. Mshambuliaji anakuja mbio kama pikipiki, na wewe unarudi nyuma uso ukimtazama, umemwachia nafasi ya urefu wa fimbo moja. Ukimsogelea mno anakuzunguka, ukimwachia mno anapiga. Mkono mmoja wa fimbo unakitafuta kile kisahani cheusi tunachogombea, bega linamsukumia ukutani. Bega langu la kulia lilikuwa na sifa zake. Watu walilikwepa hata kwenye lifti.

Mabeki hucheza wawili wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila jozi huingia kwa zamu fupi, maana hakuna pafu la binadamu linalohimili zamu ndefu. Sheria ya jozi ni moja: mmoja akienda mbele, mwenzake anabaki.

Mimi nilianza timu ya pili, chini ya kocha msaidizi aliyeongea kwa filimbi tu. Nilipopandishwa timu ya kwanza, Kocha Mkuu alinipanga kulia, na kushoto akamweka Lao Guan, mtu wa Harbin, mwembamba, mwenye meno machache na maneno machache zaidi. Cheti changu kilinifaa kila mahali isipokuwa kwenye hatari. Mtu akinijia kwa kasi, Kichina chote kilitoroka, nikabaki napiga kelele kwa Kiswahili: nenda, kaa, nyuma. Mwenzangu angeweza kulalamika. Yeye alikuja mazoezini siku moja akaniambia, "Hayo maneno yako matatu, nifundishe." Yakawa kumi. Alisema "nyuma yako" akitamka kama mtu anayetafuna muwa, lakini aliposema nilijua bila kugeuka nani anakuja na upande gani. Wapinzani waliambulia kelele tupu. Nathubutu kusema hapakuwa na jozi kama yetu kusini yote ya China, na kaskazini sikuulizia.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniona nikicheza. Xiaobei nilipowaambia kazi yangu walicheka. "Hamisi unauza friji, sema ukweli."

Mwishowe Bi Zubeda, Mzanzibari, wakala wa mizigo anayeheshimiwa mtaa mzima, akaja na kundi la wafanyabiashara na wanafunzi. Nilipowaona jukwaani nilivimba nikakaribia kupasua kofia. Mechi ilikuwa sare, inaelekea kwisha. Nikapata kisahani, mbele yangu kweupe. Watu wangu, waliozoea mpira wa miguu, wakapaza sauti kwa pamoja: "Nenda! Nenda!"

Nikaenda. Na Lao Guan, aliyefundishwa kulitii neno hilo kuliko filimbi, naye akaenda. Nilinyang'anywa kisahani katikati, nikageuka, na nyuma yetu palikuwa na kipa peke yake, kama mlinzi wa benki aliyeachwa na wenzake. Tukafungwa.

Kocha Mkuu alituita. Hakupiga kelele, hapo nikaogopa. "Jozi yenye sauti ishirini si jozi," alisema. "Lao Ha, ama watu wako wasije tena, ama nawatenganisha. Nipe jibu kabla ya mechi ijayo."

Nikaenda Xiaobei kumwambia Bi Zubeda. Nilimkuta kati ya mizigo, ametoa Shahe rundo la skafu na mablanketi ya rangi ya timu yetu.

"Safari hii tumejipanga, mwanangu. Ile ya kwanza tulikwenda kama wageni wa harusi walokosa njia."

"Bi Zubeda, shikamoo. Nilikuja na neno."

"Marahaba. Kwanza nisikilize mimi. Miaka yote nafunga mizigo hapa. Mtu wetu nimemuona anaulizwa pasi, nimemuona anapandishiwa bei. Kushangiliwa sijapata kumuona, ila wewe. Haya, neno gani?"

"Nimekuja kunywa chai," nikasema.

Nilirudi mazoezini bila jibu, nikamkuta Lao Guan ameshalitoa. Alikuwa amemwomba Kocha Mkuu ampange na mtu mwingine. Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nimekasirika.

"Umeniacha, Lao Guan?"

Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa. "Mama yangu alinitazama kwenye barafu ya mto tangu nimeweza kushika fimbo. Ametazama mpaka amechoka. Wewe nani alikutazama?"

"Hakuna."

"Basi waje."

"Na sisi je?"

Akanijibu kwa neno lile ambalo wauzaji wa soko la nguo la Shisanhang hukujibu wakiwa wameshakugeuzia mgongo: "Mei you." Hamna.

Wakaja, mechi baada ya mechi, na skafu zao. Walipiga kelele mpaka wauza viatu wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza kuna moto wapi. Nilipangwa na kijana mmoja mwenye mbio sana, hodari, hakuna kosa ninaloweza kumtaja. Lakini naye ilinibidi nigeuze shingo kila mara kuangalia nyuma. Lao Guan alicheza jozi nyingine, zamu yake ikiingia yangu ikitoka, tukipishana mlangoni mwa benchi, bega kwa bega, bila nafasi ya neno.

Goti lilinistaafisha. Lao Guan alikuwa ameshaacha kabla yangu, akarudi Harbin kumuuguza mama yake. Tunatumiana picha. Yeye hutuma theluji, mimi hutuma chakula.

Sasa nina ofisi ndogo ya mizigo, mlango wa pili kutoka kwa Bi Zubeda. Vijana huniuliza kama nakumbuka shangwe. Shangwe ninazo bado. Nikipita mtaani wananiita beki, na sijalipia chai siku nyingi. Kiswahili nakisikia kutwa, cha Unguja, cha Kariakoo, hata cha Lubumbashi, chote kitamu. Ila mara nyingine nasimama mlangoni, watu wanapita pande zote, na natamani kusikia kile kibovu kimoja, nyuma ya bega langu la kushoto.