Mbuzi wa Bibi na Kisu Chenye Pengo

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena, nakuambia. Nilianza na sanduku moja la misumari, leo nina maduka mawili ya vyuma, moja mtaa wa Asiatique na jingine Kamenge, na shule niliiacha mwaka wa tano. Wenye diploma ndio wananiandikia hesabu. Basi mwezi uliopita mteja akaja dukani na kisu cha kukunja, sisi tunaita kanifu, makali yana pengo. Akataka kipya, hicho akasema nikitupe. Mimi nikatoka nacho hadi nyuma ya stoo, nikachuchumaa, nikaanza kukinoa juu ya saruji. Mteja ananingoja mbele.

Mfanyakazi wangu akanifuata. "Patron, mbona unajificha?"

Nikamwambia arudi kazini. Wewe nitakueleza.

Miaka ya vita tulikaa Buyenzi kwa bibi, watu tisa katika vyumba viwili. Kama uliwahi kupita mitaa ile unajua sauti zake: nyundo za mafundi wa magari toka asubuhi, adhana, redio ya jirani, mafuta ya mawese yakilia kwenye kikaango. Halafu mji ukawa unafungwa. Siku mbili, siku tatu, hakuna kutoka, hakuna soko, nyundo kimya. Tulikula ugali wa muhogo na lengalenga, ule mchicha wetu, kisha ugali wa muhogo peke yake. Ndagala, dagaa wa ziwani, tulizikumbuka kwa harufu. Sikuwa naogopa, kusema kweli. Woga uliisha mwaka wa kwanza, ukabaki ubaridi fulani tu, kama mguu uliokufa ganzi.

Bibi alikuwa na mbuzi mmoja wa kahawia uani. Hiyo ndiyo akiba yake yote. "Huyu ndiye atatutoa," alikuwa akisema kila akimpa maganda.

Palikuwa na kisu pia, cha marehemu babu, mpini wa pembe, cha kukunja kama kile cha mteja. Nilikichukua kwa siri kukatia waya wa kutengenezea gari la kuchezea, kikatoka pengo la ukubwa wa punje ya mchele, katikati kabisa ya makali. Nikakificha chini ya bati la banda la mbuzi. Wiki ileile wakaja wenye bunduki kupekua mtaa mzima. Walibeba visu vyote, hata cha kumenyea viazi. Bibi akawa anakata kitunguu kwa kifuniko cha kopo. Nami nikakiacha palepale chini ya bati.

Asubuhi moja, mji umefungwa, risasi ikaingia uani. Ilitoka wapi hatujui hadi leo. Ilimpata mbuzi tumboni. Hakulia sana. Alipiga magoti, kisha akalala ubavu.

Bibi hakupiga kelele. "Anapumua bado. Kisu! Nani ana kisu?"

Akichinjwa angali hai, kwa jina la Mungu, nyama ni halali: watu tisa watakula na nyingine itauzwa. Akifa kabla ya kisu, ni kibudu, na kwetu kibudu hakiliwi hata kwa njaa ile. Jirani yetu fundi wa magari, ambaye ndiye aliyewachinjia watu mtaani, akaruka ua na grisi yake mikononi, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla, akabana jeraha kwa kanga ya bibi.

"Mama, kwangu walibeba hata bisibisi," akasema.

Ndipo nikaleta kisu. Bibi alikitazama, akanitazama mimi.

"We mutoto! Siku zote hizi nakata kitunguu na kopo!"

Fundi akapitisha kidole kwenye makali. "Apana, mama. Hii haikati, hii itapasua. Mi siwezi kumutesa mbuzi na hii. We, unajua kunoa?"

"Najua."

Na nilijua kweli. Mtaa mzima hakukuwa na mtoto wa kunifikia. Alikuwepo mnoaji aliyepita na baiskeli, jiwe linazunguka kwa pedali, na mimi nilimfuata nyumba kwa nyumba nikitazama mikono yake tu.

"Basi enda nyuma ya jiko," fundi akasema. "Mbuzi asikuone." Ndivyo desturi ilivyo, mnyama haonyeshwi kisu kikinolewa.

Pengo huliondoi kwa kulisugua lenyewe. Unashusha makali yote mpaka yafike chini yake. Nikasimamisha kisu kwenye ngazi ya saruji, nikakisugua wima, kikawa butu kabisa, pengo likaisha. Kisha nikakilaza, mgongo umeinuka kidogo tu, unene wa sarafu mbili, nikakivuta upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, na maji. Nikageuza kikombe cha kahawa cha bibi: chini yake pana duara lisilo na rangi, kavu, laini kuliko jiwe lolote. Hapo makali yalirudi. Kilikuwa tayari. Nilijua kiko tayari.

"Bado?" bibi akaita.

"Bado, bibi!"

Nilitaka kiwe kama cha babu. Nilitaka fundi akishike aseme, lo, nani kafanya hii? Nikavua mkanda nikakipangusa kwenye ngozi, mbele na nyuma, polepole, nikakiinua juani nione kama mstari wa makali bado unang'aa, kwa maana makali mazuri hayaonekani. Nikakipangusa tena.

Nilipotoka, fundi alikuwa amekwisha kuondoa mkono wake kwenye kanga. Alipokea kisu, akanyoa nywele za mkono wake zikaanguka zote.

"Wembe kabisa," akasema. Akakikunja, akanirudishia.

Bibi naye akasema, "Ni kweli, amekinoa vizuri." Hakunigombeza, siku ile wala baadaye.

Mke wa mwalimu, jirani wa nyuma, Mkristo, alisimama kwenye ua. Mumewe alikuwa hajarudi nyumbani wiki tatu. "Mama, kama nyinyi hamumuli, mi nina watoto wane."

"Muchukue," bibi akasema. "We, muchunie."

Nikamchuna mimi mwenyewe, kwa kisu kile. Ngozi ilitoka kama shati. Harufu ya nyama ilikaa uani kwetu mpaka jioni, na sisi tukala muhogo.

Nilipopata pesa nilimwambia bibi nitamnunulia mbuzi kumi. Akasema anahitaji chumvi. Hakufuga tena mpaka alipofariki. Buyenzi ya leo ni kuta za matofali, hakuna ua wa kuruka. Mnoaji wa baiskeli sijamwona miaka. Kisu kikiharibika watu wanakuja kwangu kununua kingine, na ni faida yangu, silalamiki.

Ijumaa iliyofuata baada ya yule mteja nilikwenda soko la mbuzi, nikachukua wa kahawia, nikampeleka mtaa ule, akachinjwa, nyama ikagawiwa nyumba kwa nyumba kwa jina la bibi. Wapangaji waliuliza bibi yupi. Na mimi ninayebishania bei ya msumari mmoja sikuomba nipunguziwe chochote. Mbuzi laki tano, gari elfu kumi na mbili, mchinjaji elfu ishirini na tano. Faranga laki tano na elfu thelathini na saba.